Mkono wa Salome

Jeni alisimama mbele ya waombolezaji, akasema kwamba mkono wa kushoto wa mama yake ulipinda kwa sababu aliteleza kwenye tope siku moja akitoka kuteka maji. Watu wakatikisa vichwa kwa huruma. Tulikuwa tumeketi nje ya nyumba yao huko Kibera, kwenye viti vya kukodi, chini ya turubai ambalo upepo ulikuwa ukilipiga, nami nilikuwa nimeshika kikombe cha chai. Nilikiweka chini ili nisikimwage. Simlaumu Jeni. Alikuwa mtoto mchanga mambo hayo yalipotokea, na hadithi ya tope alipewa na shangazi zake kama wengine wanavyopewa jina. Lakini neno hilo, kuteleza, nililisikia likitungwa kwa masikio yangu mwenyewe, ndani ya stoo ya duka kule Kawangware, na sikutarajia kwamba lingeishi kumshinda Salome, hadi lije kusomwa juu ya jeneza lake. Kando yangu alikuwa ameketi Brayo, mjukuu wa marehemu, kijana wa miraba minne anayefanya kazi ya ulinzi katika supamaketi moja ya mjini. Nilimuuliza habari za kazi, ili tu nisiseme lile lililokuwa kooni. "Kazi iko poa, shosho," akasema. "Shida ni hawa wezi. Lakini tukimshika mmoja tunampeleka stoo kwanza tunamfunza adabu, ndio tuite makarao waje wampeleke kituoni." Alisema hivyo akitafuna mandazi, bila ubaya wowote usoni, kama mtu anayeeleza jinsi ya kufunga mlango. Nikamwambia, "Brayo, sogeza kiti. Nataka nikuambie kuhusu mkono wa nyanya yako." Niliyomwambia siku ile yalitoka vipande vipande, kwa hasira, na kwaya ilipoanza kuimba yakakatika. Hapa nayaandika yote.

Mwaka huo, katikati ya miaka ya sabini, nilikuwa msichana wa miaka ishirini, nikiishi Kabiro, sehemu ya Kawangware, na binti ya mama yangu mdogo, Finike, ambaye alikuwa yaya kwa familia moja huko Lavington. Chumba chetu kilikuwa cha udongo na mabati, kitanda kimoja, jiko la makaa, na kabati la mbao za kreti ambalo Finike alilipaka rangi ya kijani iliyobaki kwa mabosi wake. Ukuta wa upande wa barabara ulikuwa udongo mzuri, lakini ule uliotutenga na jirani ulikuwa mbao nyembamba zilizobandikwa magazeti, na kila neno lililosemwa upande ule lilikuwa la kwetu pia. Tulijua jirani yetu fundi viatu anapogombana na mkewe, na wao bila shaka walijua kwamba Finike anakoroma. Jioni nyingi tulikula ugali na sukuma, na siku za bahati Finike alirudi na nyama baridi iliyofungwa kwa karatasi, mabaki ya chakula cha watu ambao hawakuwahi kutuona tukikila. Tulikipasha moto, tukanyunyiza chumvi, tukacheka. Nilikuwa na furaha mwaka ule ulipoanza. Nasema hivyo kwa sababu watu hudhani maskini hukumbuka shida tu.

Furaha yangu kubwa ilikuwa kazi. Nilikuwa nimeajiriwa katika duka jipya karibu na stegi ya mabasi, duka la kwanza mtaani kwetu ambamo mteja alijichukulia vitu mwenyewe kwenye rafu badala ya kunyoosha kidole kwenye kaunta. Watu waliingia kwa staha, kama wanaingia kanisani. Kina mama walishika sabuni, wakainusa, wakairudisha, wakafurahi tu kwamba hakuna anayewakemea. Mwenye duka jina lake sitaliandika, kwa maana watoto wake wako hai na hawakunikosea. Sote tulimwita Bosi. Alikuwa mtu mwembamba, mnadhifu, aliyeomba kwa sauti kabla ya kufungua duka kila asubuhi. Mlangoni alikuwa amemweka Mzee Shiundu, mtu wa kwetu Magharibi, aliyewahi kulinda mabohari ya reli. Shiundu alikuwa na rungu kama askari yeyote, lakini aliliegemeza ukutani na sikumbuki kumwona akiliinua. Akimshuku mtu alimshika kwa mkono wa shati na kumwambia polepole, "Ndugu yangu, rudisha hiyo kitu, tusiaibishane." Wengi walirudisha. Waliokataa aliwashika mpaka polisi wakaja. Mara moja kijana mmoja alijinasua akatimua mbio na redio ndogo, Shiundu akabaki na kipande cha shati mkononi. Tulicheka siku hiyo, hata Shiundu mwenyewe alicheka. Bosi hakucheka.

Wiki hiyo hiyo ndipo alipokuja yule tuliyemwita Sajenti, ingawa hakuna aliyejua alikuwa sajenti wa jeshi gani. Alivaa buti zilizong'aa na koti la kijeshi lisilo na nembo. Shiundu akahamishiwa lango la nyuma, kuhesabia magunia, na Sajenti akasimama mlangoni, rungu mkononi muda wote, akilipigapiga kwenye kiganja cha mkono mwingine. Kina mama waliacha kunusa sabuni. Nilisikia Bosi akimwambia Shiundu pale stoo, nikiwa nje napanga mifuko ya unga, "Mzee, wewe ni mtu mzuri, lakini mwizi haogopi mtu mzuri." Shiundu akajibu, "Bosi, mimi kazi yangu ni kumshika. Akishashikwa, si wangu tena. Ni wa serikali." Bosi akamwambia hayo ni maneno ya wazee. Nimekuwa mzee sasa na bado sijasikia maneno mengine yaliyo sahihi zaidi.

Salome nilimjua kutoka kwaya. Kanisa letu lilikuwa na waumini wa Kawangware na wa Kibera, na Jumamosi alasiri tulikutana kwa mazoezi katika darasa la shule ya msingi, tukikalia madawati ya watoto. Salome ndiye aliyeongoza sauti ya pili. Alikuwa na umri wa miaka thelathini hivi, mwembamba, mrefu, kazi yake kufua nguo za watu, na akiimba alifumba macho na kuinua kidevu kana kwamba anatafuta harufu ya kitu. Alinifundisha kupumua kutoka tumboni. "Nekesa, wewe unaimbia kooni kama kuku," aliniambia mbele ya wote, nikakasirika, kisha baada ya mazoezi akanigawia njugu kutoka kwa mfuko wake tukatembea pamoja hadi njia zilipoachana. Hatukuwa marafiki wa siri za moyoni. Nilimwita dada, naye aliniona mtoto.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi, kabla ya saa za mazoezi, jua kali, duka limejaa. Nilikuwa kwenye kaunta. Nilimwona Salome akiingia na kikapu, nikampungia mkono, akatabasamu kidogo na kugeuka upande wa rafu za mafuta ya kujipaka. Baada ya muda nikasikia Sajenti akipiga kelele, "Wewe mama! Simama hapo!" Alisimama. Naomba msomaji ashike hilo, kwa sababu baadaye kulikuwa na watu wazima, wenye tai, waliosema vingine. Alikuwa hatua chache tu kutoka mlangoni, mlango wazi, na barabara imejaa watu ambao angeweza kujichanganya nao. Alisimama, akageuka, akatembea mwenyewe hadi kwenye kaunta yangu, akatia mkono kifuani, akatoa chupa ndogo ya mafuta ya manukato na kuiweka mbele yangu. Hakunitazama. "Nimekosa," alimwambia Bosi, ambaye alikuwa amekuja. "Iteni polisi." Mambo yangeishia hapo, na kama yangeishia hapo nisingekuwa na la kuandika: mtu ameiba, ameshikwa, kitu kimerudi, sheria ifuate mkondo wake.

Bosi akasema aongozwe stoo. Nikaambiwa nilete chupa, iwe ushahidi, kwa hivyo nilikuwa mlangoni pale stoo na niliona yote. Sajenti alimwambia aketi chini. Aliketi sakafuni, katikati ya magunia ya sukari, miguu imenyooshwa mbele kama kina mama wanavyoketi wakichambua mboga. Sajenti akauliza, "Ulikuwa unaenda wapi na hiyo chupa?" Salome akajibu, "Nyumbani." Hakujibu kwa kiburi, aliulizwa alikokuwa akienda, akasema. "Unanijibu?" Sajenti akasema, na rungu likashuka begani. Salome aliinua mkono wa kushoto kuukinga uso. Pigo la pili liliupata mkono huo karibu na kiwiko, nami nikasikia mfupa. La tatu lilipiga mahali palepale. Alipiga bila haraka, kama mtu anayejua hatazuiwa, na Bosi alikuwa amesimama hapo akiwa na funguo zake. Ni baada ya lile la tatu ndipo aliposema, "Inatosha." Inatosha! Kama mtu anayepimiwa sukari. Miaka yote hii neno hilo ndilo linaloniamsha nikiwa nimekasirika, kuliko hata rungu. Kwa maana aliyesema inatosha alikuwa na kipimo kichwani mwake. Alikuwa ameamua, huyo mtu wa sala za asubuhi, kwamba mfupa mmoja wa mwanamke ni bei halali ya chupa ya mafuta ambayo tayari ilikuwa imerudi, na iko mkononi mwangu.

Nilipiga kelele. Sijui nilisema nini. Shiundu alikuja mbio kutoka lango la nyuma, akajiweka kati yao, mzee yule mfupi, mikono ameitandaza. "Alikuwa amekaa!" akasema. "Mtu amekaa chini unampiga ya nini?" Sajenti akamwambia, "Mzee, rudi kwa geti yako." Shiundu hakurudi. Alivua koti lake, akamfunika Salome mabegani, na akakaa pale kando yake mpaka gari la polisi likaja. Salome hakulia kwa sauti. Aliushika mkono wake kama unavyoshika mtoto wa mtu mwingine, kwa uangalifu na kwa mbali.

Kabla polisi hawajafika, Bosi alisema maneno yatakayosemwa. Aliyapanga kwa sauti ya kawaida, akitutazama mmoja baada ya mwingine. "Huyu mama alishikwa akitoroka. Alimrukia askari, akamng'ata. Wakavutana, akateleza, akaangukia rafu. Si ndivyo?" Sajenti akasema ndivyo. Kijana wa kubeba mizigo akaangalia miguu yake. Bosi akaniambia, "Nekesa, wewe ulikuwa hapo karibu. Uliona akimng'ata." Nikasema sikuona. Akatabasamu kwa subira. "Utakumbuka," akasema.

Jioni ile Finike alirudi mapema, tukiwa bado hatujawasha taa, akanikuta nimeketi kitandani. Nilimweleza. Alikuwa akikatakata vitunguu, na kisu kikasimama. Kutoka upande wa pili wa magazeti, kwa fundi viatu, habari zilikuwa zimefika kabla yetu. "Wamemshika mwizi pale dukani leo," sauti ya fundi ilisema. "Wamempatia kichapo mzuri." Mkewe akauliza aliiba nini. "Mafuta ya kujipaka." Wakacheka. "Ingekuwa ni unga, sawa, tungesema njaa," mke akasema. "Lakini mafuta ya kunukia? Hata mimi ningempiga." Finike akabisha ule ukuta kwa mpini wa kisu. "Mama Wanjala," aliita, "na wewe ukikosa siku moja, tukuvunje mkono gani?" Hawakutusalimia kwa wiki nzima, nami sikuwasalimia. Kesho yake kanisani nilikutana na maneno yale yale yakiwa yamevaa nguo za Jumapili. Mzee mmoja wa kanisa alisema kwamba Salome ameitia kwaya aibu, na kwamba Mungu humrudi ampendaye. Nilimuuliza kama Mungu sasa anatumia rungu la duka. Mama mmoja alinivuta mkono nikae. Nilikuwa msichana mdogo na sikupaswa kuzungumza na wazee hivyo, lakini nilikuwa nimeshangaa kupita kiasi. Nilidhani watu walioimba naye wangeuliza kwanza hali yake. Waliuliza chupa ilikuwa ya aina gani.

Hilo ndilo nililojaribu kumweleza Brayo. Hakuna aliyekataa kwamba mwizi ashikwe. Mwenye duka ana haki ya mali yake, na mtu akikimbia mkimbize, akipigana mshike kwa nguvu zitakazotosha kumshika, umfunge hata kamba ikibidi. Hiyo ni kazi, na si kazi rahisi, namheshimu anayeifanya. Lakini mtu akishasimama, akishaweka kitu mezani, akishaketi pale ulipomwambia aketi, kazi imekwisha. Kila pigo linaloshuka baada ya hapo halilindi mali yoyote. Ni mtu mmoja anajistarehesha kwa mwili wa mwingine, na anayemlipa mshahara anatazama. Brayo aliniambia, "Lakini shosho, usipowachapa wanarudi." Nikamuuliza, wale mnaowachapa hawarudi? Akafikiri. Akasema, "Wanarudi."

Salome alishtakiwa makosa mawili: wizi, na kumshambulia askari akiwa kazini. La pili waliliongeza ili plasta aliyofungwa mkononi hospitalini iwe na maelezo. Wizi alikubali mara moja. La pili alikana, kwa hivyo ikabidi mashahidi waitwe, na mimi nikawa shahidi wa duka. Wiki ile Bosi alinikaribisha stoo, palepale, akanipa soda na keki. Aliniambia msichana mwerevu kama mimi angeweza kusimamia kaunta zote akifungua duka la pili. Sikuigusa ile keki. Nilipotoka nilisikia akimwambia Sajenti, "Huyu hana shida, atasema vile tumekubaliana." Nilikuwa sijakubaliana na mtu.

Chumba cha mahakama kilikuwa kidogo na kilinuka nta ya sakafu. Sajenti alisimama akaeleza alivyong'atwa, akaonyesha kovu kwenye kidole ambalo sisi wote tuliokuwa tukifanya naye kazi tulilijua tangu siku aliyofika. Kisha nikaitwa. Nilishika Biblia, nikamwona Salome kizimbani, amefunga kitambaa chake cha kwaya, mkono umening'inia shingoni. Mwendesha mashtaka akaniuliza kama nilimwona mshtakiwa akichukua chupa. Nikasema nilimwona akiirudisha. Akaniuliza kama nilimwona akimrukia askari. Nikasema, "Hapana. Alisimama alipoambiwa simama. Akaketi alipoambiwa keti. Alipigwa akiwa ameketi chini, na chupa nilikuwa nimeishika mimi." Nyuma yangu nikasikia funguo za Bosi zikilia. Mwendesha mashtaka akasema nijibu nilichoulizwa tu. Nikasema, "Nimeulizwa kama alimrukia. Mtu aliyeketi anamrukia mtu namna gani?" Watu wakacheka, hakimu akagonga meza. Shiundu, aliyeitwa baada yangu kwa ombi la Salome mwenyewe, alisema yale yale kwa maneno machache, kofia yake mkononi.

Hakimu alikuwa mtu wa haki, nadhani, kwa kadiri ya haki iliyokuwa mbele yake. Alilitupa shtaka la pili. Halafu kwa lile la kwanza akampa Salome kifungo cha miezi mitatu. Salome alikuwa ameuliza kitu kimoja tu, kwa sauti yake ile nzito ya kwaya: "Mheshimiwa, na huu mkono?" Hakimu akaitazama plasta kwa muda. "Mkono hauko mbele yangu," akasema. Alimaanisha kwamba hakuna aliyefungua kesi kuhusu mkono. Tulijaribu kuifungua. Mimi na Shiundu tulikwenda kituo cha polisi, na konstebo wa zamu akatusikiliza akichokoa meno. "Mnataka nimshtaki askari kwa kushika mwizi?" akauliza, akawaita wenzake waje wasikie. Tulirudi mara ya pili, wakatuweka benchi mpaka adhuhuri. Mara ya tatu hawakutukumbuka. Mkono ulikuwa mbele ya kila mtu, umefungwa plasta, unaonekana na yeyote mwenye macho, na hapakuwa na ofisi hata moja ambayo ulikuwa mbele yake.

Mimi na Shiundu tulifukuzwa alasiri ile ile tuliyotoka mahakamani. Bosi hakupiga kelele. Alisema, "Mmechagua upande wenu." Shiundu alipata kazi ya kulinda shule, akaifanya mpaka uzee wake. Mimi nilikaa miezi mingi bila kazi, Finike akinilisha, na hakuna siku aliyonikumbusha. Jioni alikuwa akifungua karatasi yake ya nyama baridi na kusema, "Kula, shahidi," nami nilikula. Baadaye ndiye aliyenitafutia nafasi kwa fundi cherehani aliyenifunza kushona, kazi niliyoishi nayo maisha yangu yote. Lakini mwaka ule nilikuwa na njaa ya namna nyingine. Nilipita mbele ya lile duka kila siku, nikamwona Sajenti mlangoni, rungu lake mkononi, kina mama wakimpisha kwa adabu, na nikajiuliza kama ni mimi peke yangu ninayeona.

Salome alipotoka nilimfuata Kibera. Nilimkuta chumbani kwake amekaa kwenye kigoda, Jeni, ambaye shangazi zake walikuwa wamemtunza, akilala kwenye leso, sufuria ya samaki ikichemka. Plasta ilikuwa imetolewa gerezani, na mkono ulikuwa umeunga vibaya, umepinda nje kama tawi lililokwepa kitu. Hakuweza kukamua nguo tena. Alikuwa ameanza kukaanga samaki na kuwauzia majirani. Tulikula kwa sinia moja. Nilimwambia yote niliyokuwa nimeyabeba, hasira zangu kwa kanisa, kwa polisi, kwa fundi viatu, na nikasema kwamba yeye hakuwa na kosa lolote. Akaacha kula. "Nekesa, usinifanye malaika," akasema. "Mimi niliiba. Nilitaka kunukia vizuri. Nafua nguo za wanawake wanaonukia vizuri kila siku, nikataka na mimi. Hiyo nimefungwa, nimemaliza. Lakini yule mtu bado hajamaliza yake." Akanawa mkono, akamfunga Jeni mgongoni kwa usaidizi wangu, akasema, "Twende unisindikize."

Tulitembea hadi Kawangware jua likiwa juu. Duka lilikuwa na watu wengi. Sajenti alimtambua, akanyoosha rungu kuziba mlango, lakini Salome alisema kwa sauti ile aliyotumia kuongoza kwaya, ambayo haikuhitaji kupaazwa ili ifike nyuma, "Sikuja kuiba. Nimekuja kuongea na mwenye duka." Watu wakageuka. Bosi akatoka upande wa kaunta. Salome hakumkaribia. Alisimama katikati ya rafu, mtoto mgongoni, akakunja mkono wa gauni lake mpaka juu ya kiwiko ili kila mtu aone. "Mzee," akasema, "nilichukua chupa yako bila kulipa. Ilikuwa makosa. Nakuomba msamaha mbele ya hawa watu." Akainua kidevu. "Na wewe sasa uniombe mimi."

Bosi alimtazama, akatutazama sisi sote. Kwa kitambo kidogo nilidhani atasema. Nilitaka aseme, Mungu anajua, hata kwa kunong'ona. Badala yake akasema, "Wewe ni mwizi. Toka kwa duka yangu." Salome akaitikia kwa kichwa, polepole, kama mtu aliyepewa chenji sahihi. Ndipo mama mmoja mnene, nisiyemjua hata jina, aliyekuwa amesimama karibu na rafu ya sabuni, akakiweka kikapu chake sakafuni kikiwa na vitu vyake vyote. Alimtazama Bosi, akatoka nje. Mwingine akafuata. Mke wa fundi viatu, jirani yangu, alikuwepo; alisimama muda mrefu na pakiti ya chumvi mkononi, kisha akairudisha kwenye rafu. Si wote waliotoka. Wengine waliendelea kununua, na mmoja alitutupia tusi. Lakini tangu wiki ile kina mama wengi wa Kabiro walirudi kwa maduka madogo ya kaunta, na haikupita muda Sajenti akaonekana mlangoni mikono mitupu, kisha hakuonekana tena. Watu husema Bosi alibadilika. Mimi siamini. Huruma haikuliondoa rungu lile; mauzo ndiyo yaliyoliondoa.

Siku ile hatukuyajua bado hayo. Tulitoka tu, mimi na Salome, tukashika njia ya kurudi, nami nikaanza kulia kwa hasira, barabarani, watu wakitupita. "Amekataa," nikasema. "Umetembea mpaka huku, umejishusha mbele ya watu wote, na amekataa."

Salome alikuwa akimweka Jeni sawa mgongoni kwa ule mkono mmoja mzima. "Nilijua atakataa," akasema. "Nilitaka wamsikie."